Mgeni njoo, mwenyeji apone: Kijiji na mnyama katika safari ya Mara

WAHENGA walilonga kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyanda za Narok, kusini magharibi mwa Kenya, methali hiyo si pambo la lugha. Ni swali linalohitaji jibu kila mwezi katika boma la mfugaji: je, wageni waliopita hapa wakielekea kutazama simba wamemwachia nini mwenye ardhi ambamo simba huyo hulala?

Mtalii anayefunga safari ya kwenda Maasai Mara kwa kawaida huwa na mambo mawili katika ratiba yake. La kwanza ni wanyamapori. La pili ni kuzuru kijiji cha Wamaasai, ambako hupokewa kwa wimbo, huoneshwa nyumba na kuuziwa ushanga.

Wengi huyachukulia mambo hayo kuwa tofauti kabisa. Asubuhi ni ya mbuga, alasiri ni ya kijiji. Kumbe mnyama anayetazamwa asubuhi hutegemea uamuzi wa watu wanaozuriwa alasiri. Kijiji kikinufaika, mnyama hupata pa kupita. Kijiji kikiambulia patupu, ua hujengwa, shamba hulimwa na njia ya nyumbu hufungwa.

Makala haya yanaeleza jinsi uhusiano huo ulivyoanza, unavyoendeshwa, na mambo ambayo msafiri, awe Mkenya au mgeni wa kutoka ng'ambo, anafaa kuyafahamu kabla ya kulipa senti yoyote.

MBUGA ISIYO NA UKUTA

Mbuga ya Maasai Mara ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 1,510. Kusini inapakana na Mbuga ya Serengeti iliyoko Tanzania, na mpaka huo wa mataifa mawili hautambuliwi na nyumbu wala pundamilia.

Eneo hilo lilianza kuhifadhiwa rasmi mnamo 1961, wakati huo likiwa dogo kuliko lilivyo sasa. Liliwekwa mikononi mwa utawala wa wilaya badala ya serikali kuu. Ndiyo sababu hadi leo Mara haisimamiwi na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kama zilivyo mbuga za Tsavo na Nairobi, bali iko chini ya Serikali ya Kaunti ya Narok. Sehemu iliyo magharibi mwa Mto Mara, inayofahamika kama Mara Triangle, imekuwa ikiendeshwa tangu 2001 na shirika lisilo la kibiashara kwa mkataba na serikali ya eneo hilo.

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, makundi makubwa ya nyumbu, yakiandamana na pundamilia na swala, huvuka kutoka Serengeti yakifuata malisho mabichi. Idadi ya nyumbu katika mfumo mzima wa Serengeti na Mara hukadiriwa kupita milioni moja. Wanapofika ukingoni mwa Mto Mara, mamba huwa wanawasubiri, na magari ya watalii vilevile.

Lakini Mara haina ukuta. Ndovu anayeonekana karibu na lango la Talek asubuhi aweza kuwa kilomita nyingi nje ya mbuga ifikapo usiku, akipita kando ya shule, kisima na zizi la ng'ombe. Inakadiriwa kwamba takriban thuluthi mbili ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga na hifadhi za serikali, yaani katika ardhi za watu binafsi na za jamii.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mnamo 1977. Hata hivyo, utafiti ulioongozwa na mwanasayansi Mkenya Joseph Ogutu, uliochapishwa 2016, ulibaini kwamba idadi ya wanyamapori katika maeneo makavu ya nchi ilipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka huo wa 1977. Bunduki ya mwindaji ilinyamazishwa, ila mnyama aliendelea kupungua kwa sababu ardhi yake ilikuwa ikibadilika.

ARDHI ILIVYOGAWANYWA, IKAUNGANISHWA TENA

Historia ya ardhi ya Wamaasai ni historia ya kusukumwa. Kupitia mikataba ya 1904 na 1911, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwahamisha kutoka Bonde la Ufa na Laikipia ili kuwapisha walowezi, ikawarundika katika eneo la kusini. Baada ya uhuru, sheria ya 1968 iliruhusu wafugaji kusajili ardhi yao kama ranchi za kikundi, ambapo ukoo na majirani walimiliki kwa pamoja.

Mfumo huo ulidumu kwa muda, kisha ukaanza kuporomoka. Wanachama walitaka kila mmoja apate chake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na katika mwongo uliofuata, ranchi kama Koiyaki, iliyopakana na mbuga upande wa kaskazini, ziligawanywa vipande. Kwa wengi, kipande kilikuwa cha takriban ekari 150.

Mwenye hatimiliki mpya alikuwa huru kulima, kuuza au kuzungushia ua. Yote matatu humfungia nyumbu njia.

Ni katika hali hiyo ambapo hifadhi za jamii zilizaliwa. Olare Orok ilianzishwa 2006, Mara North ikafuata 2009 na Naboisho 2010. Wenye vipande walikubaliana kuviunganisha tena. Hawakurudi kwenye hatimiliki moja, bali walitia saini mikataba ya kukodisha ardhi kwa wamiliki wa kambi za watalii. Leo kuna hifadhi zaidi ya 20 kuizunguka Mara, na kwa jumla eneo lake linakaribia au kupita ukubwa wa mbuga yenyewe.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kueleza. Mwenye ardhi huhamisha makao yake kutoka katika eneo lililotengwa na huahidi kutolima wala kujenga ua humo. Naye mwenye kambi humlipa kodi kwa kila ekari, aghalabu kila mwezi kupitia benki. Katika mikataba iliyo bora, kodi hiyo hulipwa iwe wageni wamekuja au hawakuja, ili hatari ya biashara isimwangukie mfugaji.

Ili nyasi na wanyama wapumue, idadi ya wageni huwekewa kikomo. Katika hifadhi ya Olare Motorogi, kwa mfano, kanuni ni hema moja la mgeni kwa takriban ekari 700. Isitoshe, mgeni wa hifadhi hizi huruhusiwa mambo ambayo mbuga ya kaunti hairuhusu, kama vile kutembea kwa miguu akiwa na mlinzi, au kutafuta wanyama usiku kwa taa. Ndiyo sababu bei za hifadhi huwa juu.

Hata hivyo, mpango huu una walioachwa nje. Hatimiliki nyingi ziliandikwa kwa majina ya wanaume. Kwa hivyo kodi huingia katika akaunti ya mume, ilhali mke aliyejenga nyumba na kukamua ng'ombe hana sauti katika mkataba. Asiyekuwa mwanachama wa ranchi wakati wa kugawanya ardhi hapati kitu. Mfugaji mwenye ng'ombe wengi naye hulalamika kwamba wakati wa kiangazi nyasi zimejaa hifadhini huku mifugo yake ikikonda. Hifadhi kadhaa zimelegeza masharti na kuruhusu malisho kwa zamu, jambo lililopunguza uhasama.

Janga la Covid-19 lilionesha udhaifu mwingine. Kuanzia Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa, na kambi zikafungwa. Baadhi ya wenye ardhi walikubali kupunguziwa kodi kwa muda. Walioishi kwa kodi hiyo pekee walijifunza kwa njia ngumu kwamba mgeni si mvua: hakuna msimu unaolazimika kumleta.

HESABU YA MWENYE BOMA

Kwa mgeni, simba ni picha. Kwa mwenye boma, simba ni hesabu.

Mnamo Mei 2023, katika Kaunti ya Kajiado, karibu na Mbuga ya Amboseli, simba 10 waliuawa katika muda wa wiki moja. Mmoja wao alikuwa Loonkito, dume wa miaka 19 aliyehesabiwa miongoni mwa simba wazee zaidi porini. Alichomwa mkuki baada ya kuingia katika zizi la mifugo usiku. Siku chache baadaye, simba sita waliuawa katika eneo la Mbirikani baada ya kuangamiza mbuzi 11 na mbwa mmoja.

Habari za Loonkito zilienea duniani kote na wengi walimwomboleza. Mbuzi 11 hawakuombolezwa na yeyote nje ya kijiji. Ilhali katika familia ya mfugaji, mbuzi 11 ni karo ya muhula, dawa za mgonjwa na akiba ya kiangazi. Kipindi hicho kilikuwa kibaya zaidi kwa sababu nchi ilikuwa ikitoka katika ukame mkali. Kati ya Februari na Oktoba 2022 pekee, maafisa wa wanyamapori walihesabu ndovu 205 na nyumbu 512 waliokufa nchini kwa sababu ya ukame huo. Mifugo iliyonusurika ilikuwa ndiyo mtaji wote uliobakia.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa mtu anayeuawa na mnyama, Sh3 milioni kwa ulemavu wa kudumu na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Mifugo na mimea iliyoharibiwa pia hufidiwa. Tatizo ambalo limelalamikiwa miaka nenda miaka rudi ni kuchelewa kwa malipo. Ng'ombe huliwa usiku mmoja, fidia huchukua miaka.

Jamii zenyewe hazijakaa mikono mitupu. Richard Turere, aliyekuwa kijana mdogo mkaazi wa Kitengela, kando ya Mbuga ya Nairobi, alibuni taa zinazomwekamweka kuzunguka zizi, simba akadhani kuna mtu anayetembea na tochi. Uvumbuzi huo ulimpeleka kuhutubia hadhira ya kimataifa mnamo 2013, na taa za aina hiyo zimewekwa katika maboma mengi. Katika nyanda za Amboseli, tangu 2012 morani wamekuwa wakishindana kwa mbio, kuruka na kutupa mkuki katika michezo iliyobuniwa ichukue nafasi ya kuwinda simba ili kuthibitisha ushujaa.

Tishio lisilo na kelele ni ua. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionya kwamba nyua zilikuwa zikiongezeka kwa kasi katika nyanda za Mara nje ya hifadhi. Mwenye kuujenga ana sababu: analinda nyasi zake dhidi ya ng'ombe wa jirani, au anadhihirisha kwamba ardhi ni yake kabla haijanyakuliwa. Lakini waya huo huo humkata miguu nyumbu na kumzuia ndovu. Hakuna askari wa wanyamapori anayeweza kuung'oa, kwa kuwa umesimama juu ya ardhi yenye hatimiliki. Kinachoweza kuung'oa ni kodi inayolipwa kwa wakati.

KIJIJINI: ENKANG NA MANYATTA

Watalii wengi, hata Wakenya, hukiita kila kijiji cha Wamaasai manyatta. Kwa asili manyatta ilikuwa kambi ya morani, walikokaa pamoja katika kipindi chao cha ujana na ulinzi wa jamii. Makao ya familia huitwa enkang: duara la nyumba lililozungukwa na ua wa miiba, na katikati zizi la mifugo.

Nyumba hujengwa na mwanamke. Hutumia fito, matawi, udongo na samadi ya ng'ombe, na mvua inapovujisha paa, ni yeye anayepanda kulikandika upya. Mlango ni mfupi na hupinda kama kona, jambo linalozuia upepo na kumlazimu anayeingia kuinama. Ndani mna giza na moshi, jiko katikati, vitanda vya ngozi kando, na mara nyingi pembe ya ndama.

Katika ziara ya kawaida, mgeni hupokewa kwa wimbo. Vijana hucheza adumu, mchezo wa kuruka juu wima, na mgeni hualikwa kujaribu. Wazee huonesha jinsi ya kuwasha moto kwa kupekecha kijiti kigumu juu ya ubao laini. Mwisho huwa soko la ushanga.

Ushanga wa kioo si wa asili ya nyanda hizo. Ulifika bara kupitia misafara ya biashara iliyotoka Pwani na baadaye kwa maduka ya wafanyabiashara. Wanawake wa Kimaasai waliuchukua, wakaupa lugha yao. Mwekundu huhusishwa na ushujaa na damu, mweupe na maziwa, wa buluu na mbingu iletayo mvua, wa kijani na nyasi. Umri na hadhi ya mvaaji huweza kusomeka shingoni mwake.

Anayeoneshwa mambo haya afahamu kwamba anachokiona ni sehemu tu. Sherehe kuu za jamii hazifanywi kwa ajili ya kiingilio. Enkipaata, eunoto na olng'esherr, ambazo humvusha mwanamume kutoka rika moja hadi jingine, ziliorodheshwa 2018 na shirika la Unesco miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Vilevile, kijana anayeruka adumu asubuhi aweza kuwa mwanafunzi wa chuo aliye likizoni, na mwenye shuka nyekundu huenda ana akaunti ya benki na simu mfukoni. Hilo halimfanyi kuwa Mmaasai wa bandia. Ni mtu wa leo anayeishi leo.

KIINGILIO HUENDA WAPI?

Kuna mifereji mitatu ya fedha katika safari hii, na msafiri anafaa kuitofautisha.

Wa kwanza ni lango la mbuga. Tangu 2024, mgeni kutoka ng'ambo hutozwa dola 100 kwa siku kati ya Januari na Juni, na dola 200 kati ya Julai na Desemba. Wakenya hulipa kiasi kidogo zaidi. Fedha hizi huenda kwa kaunti. Kwa miaka mingi kumekuwapo utaratibu wa kutenga asilimia 19 ya mapato hayo kwa jamii zinazoizunguka mbuga, na kwa miaka mingi pia wanakijiji wamelalamika kwamba sehemu inayofika kwao huishia kwa wachache.

Mfereji wa pili ni hifadhi ya jamii. Anayelala katika kambi iliyo ndani ya hifadhi hulipa ada ya hifadhi kwa kila usiku, na kutokana na ada hiyo kodi ya ardhi na mishahara ya walinzi hutolewa. Huu ndio mfereji ulio mfupi zaidi kutoka mfukoni mwa mgeni hadi kwa mwenye ardhi.

Mfereji wa tatu ni kiingilio cha kijiji chenyewe. Huu ndio unaovuja zaidi. Katika Mara na Amboseli, imeripotiwa kwa muda mrefu kwamba baadhi ya madereva wa watalii hulipwa na mgeni fedha nzima ya kuzuru kijiji, kisha huwakabidhi wenyeji sehemu ndogo tu. Kijiji kinachogoma hupitwa, na magari huelekezwa kwa jirani aliyekubali. Kwa kuwa vijiji vilivyo karibu na lango ni vingi na vinashindania wageni wale wale, dereva huwa na nguvu kuliko mzee wa boma.

Dawa ya tatizo hili haihitaji sheria mpya. Mgeni akilipa mwenyewe, mkononi mwa kiongozi wa kijiji au kwa nambari ya simu ya kikundi, mbele ya wengine, sehemu kubwa ya wizi huo hukosa nafasi. Vivyo hivyo, kununua kipuli moja kwa moja kwa aliyekitunga hufikisha pesa kwa mwanamke ambaye hana jina katika hatimiliki. Kwa familia nyingi, ushanga ndiyo fedha pekee ambayo mama huishika bila kumwomba mtu.

ADABU ZA KUZURU KIJIJI

Mgeni huanza kwa salamu. Mmaasai husalimu kwa "sopa", na jibu ni "ipa". Watoto huinamisha kichwa mbele ya mtu mzima ili aguse utosi wao kwa kiganja, na mgeni mzima anafaa kuitikia vivyo hivyo.

Picha huombwa kabla ya kupigwa. Kiingilio kwa kawaida hujumuisha ruhusa ya picha, lakini mzee aliyeketi nje ya nyumba yake au mama anayenyonyesha hakuuza uso wake. Aliyekataa akubaliwe bila kubembelezwa.

Peremende na sarafu zisigawiwe watoto. Kijiji ambacho watoto hupata fedha kwa kukimbilia magari ni kijiji ambacho darasa hubakia tupu. Mwenye nia ya kusaidia azungumze na mwalimu mkuu au kamati ya shule, na asitembelee darasa wakati masomo yanaendelea.

Bei ya ushanga hujadiliwa, kama katika soko lolote la Kenya. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kujadiliana na kumnyanyasa muuzaji kwa sababu jua linazama na gari lake la mwisho limefika.

KUMTAZAMA MNYAMA

Mbugani nako kuna adabu. Kanuni za Mara huruhusu magari yasiyozidi matano kumzunguka mnyama mmoja. Katika msimu wa kuvuka mto, kanuni hiyo huvunjwa mara kwa mara, na nyumbu waliokwisha kushuka ukingoni hurudi nyuma kwa kuziona injini. Duma, ambaye huwinda mchana, huathirika zaidi: akizingirwa na magari, swala humwona mapema na watoto wake hulala njaa.

Mara nyingi dereva huvunja kanuni kwa kuogopa kunyimwa bahashishi. Abiria akimwambia mapema kwamba haoni haja ya kukaribia zaidi, humwondolea mzigo. Gari lisitoke barabarani, mtu asishuke ila mahali palipotengwa, sauti iwe ya chini na taka zirudi kwenye gari.

Kuhusu wakati, Julai hadi Oktoba ndio msimu wa nyumbu, wa bei ya juu na wa msongamano. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hufanya barabara za udongo mweusi kuwa ngumu kupitika, lakini nyasi huwa kijani na wageni huwa wachache. Januari na Februari ni miezi mikavu inayomfaa Mkenya asiyetaka kupigania nafasi. Simba, ndovu, nyati, twiga na viboko wa Mara hawahami na nyumbu. Hupatikana mwaka mzima.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Msafiri hahitaji kuwa mtaalamu ili kutofautisha safari inayomfaa mwenyeji na ile inayomtumia kama pambo. Maswali machache yanatosha.

Kambi hii imesimama juu ya ardhi ya nani, na mwenyewe hulipwa vipi? Kiongozi wa watalii ni mwenyeji? Tangu 2005 kumekuwa na chuo cha kufunza vijana wa eneo la Koiyaki kazi hiyo, kwa hivyo kisingizio cha kukosa wenyeji wenye ujuzi hakina mashiko. Kiingilio cha kijiji ni kiasi gani, nani hukipokea, na kilitumiwa kwa jambo gani mwaka uliopita? Wanawake wana kikundi na akaunti yao?

Mwenye kambi anayeendesha shughuli zake kwa haki hujibu bila kusita. Anayeng'aka au kubadilisha mazungumzo amekwisha kujibu.

KWINGINEKO NCHINI

Mara si peke yake. Katika Laikipia, jamii ya Il Ngwesi ilijenga loji yake yenyewe iliyofunguliwa 1996, na mapato yake huingia katika miradi ya jamii. Kaunti ya Kwale ina Mwaluganje, ambako wakulima walitenga mashamba yao kando ya msitu wa Shimba Hills katika miaka ya 1990 ili ndovu wapite, na kinyesi cha ndovu hao kikatumiwa kutengeneza karatasi za kuuza. Katika kisiwa cha Wasini, wanawake huendesha njia ya mbao inayopita juu ya mikoko na matumbawe ya kale, na mgeni hulipa kiingilio kwao moja kwa moja.

Mifano hiyo inatofautiana kwa mazingira na kwa mafanikio. Inachoshiriki ni kwamba mwenyeji ndiye anayeshika mlango.

Huko Narok, mikataba ya hifadhi ina mwisho wake. Mingine ni ya miaka 15, mingine zaidi. Kila unapofika wakati wa kutia saini upya, mwenye ekari 150 hukaa na wanawe akapiga hesabu: kodi ya kambi kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine bei ya ngano, bei ya ardhi, gharama ya waya na idadi ya ndama walioliwa na fisi. Nyumbu hawana mwakilishi katika kikao hicho. Kinachozungumza kwa niaba yao ni fedha ambazo mgeni aliacha alipopita, ikiwa zilimfikia mwenye boma.